Matufe ya Kuoka

Treni ya mwisho ilipita kijiji cha Sauzières wakati Ghislaine bado anasuka mikia miwili ya nywele, lakini geti la reli halikupewa taarifa. Liliendelea kusimama mbele ya stesheni, boriti ndefu yenye milia myekundu na myeupe. Baba yake, Mzee Anselme, ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kulishusha na kulipandisha hilo geti, aliendelea kulipaka grisi kila baridi ikiisha, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

"Anselme, unasubiri treni gani tena?" watu walimuuliza.

"Ninayoisubiri haina siti yako," aliwajibu.

Reli zilipong'olewa, alitazama tu. Nyasi zikaota, miiba ikaota, mbuzi wa watu wakaja wakaila miiba. Halafu mwaka juzi wakaja mafundi na mashine nzito ya kushindilia, wakamwaga changarawe toka darajani, ikapita handaki, ikapita msitu wa mialoni, ikapita mlango wa stesheni na kuendelea kule bondeni. Njia ya baiskeli. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna lori la ng'ombe. Wakaanza kuja watu wa Lyon na Wabelgiji, wana matairi manene na miguu iliyojaa vumbi, wamechoka kupigiwa honi makwao.

Ghislaine hapo alikuwa amebaki bila kazi. Shule aliyokuwa anapikia ilifungwa kwa kukosa watoto. Akachukua kila alichokuwa amekiweka, akaikodi stesheni, akaigeuza nyumba ya wageni. Chumba cha tiketi kikawa jiko, chumba cha kusubiria kikawa cha kulia, na juu alikolala mkuu wa stesheni akaweka vitanda sita. Akapaka madirisha rangi ya buluu. Akafanya mazoezi ya kukaanga omeleti ya uyoga ya watu kumi kwa mpigo bila kuivunja.

Kitu kimoja tu hakukifikiria. Changarawe yenyewe ilikuwa nzuri mno.

Siku moja Fernand, aliyekuwa muuza nyama, alitoka kwenda kuiona njia mpya. Akachuchumaa, akaipapasa kama anapapasa mgongo wa ndama mnadani. Akainuka, akaenda kwake, akarudi na matufe yake.

Wazee walikuwa hawana uwanja. Wa zamani, ule wa mbele ya kanisa, ulifanywa maegesho ya magari, na tangu hapo walikuwa wanazunguka kijijini na mifuko yao ya matufe kama watu waliofukuzwa kwao. Ghislaine hakuwahi kuuelewa utamu wa mchezo huo. Unatupa goroli ya mti, unarusha matufe ya chuma yaisogelee, aliye karibu anapata alama, halafu mnagombana mpaka jioni. Wa kwanza kufika kumi na tatu kashinda, na wote wanakwenda kunywa pombe yao ya pastisi.

Basi wakahamia njiani. Baba yake na rafiki yake Baptistin upande huu, Fernand na Clovis upande ule. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mbele kabisa ya mlango wa Ghislaine.

"Baba, hii ni njia ya baiskeli."

"Soma kibao, mwanangu. Kimesema baiskeli, farasi na waenda kwa miguu. Sisi tunakwenda kwa miguu."

"Hamwendi! Mmesimama!"

"Tunakwenda mpaka kwenye goroli, halafu tunarudi. We unataka twende wapi na magoti haya?"

Hayo yangevumilika. Waendesha baiskeli wangepita pembeni, wangesema samahani wazee wetu. Lakini siku moja kijana mmoja alipita katikati ya mchezo, tairi lake likaisukuma goroli, na ugomvi wake ukachukua mlo mzima wa jioni. Kesho yake Mzee Anselme akatoka na kofia yake ya kazi, filimbi shingoni, akashika mkono wa geti, akazungusha. Geti likashuka bila hata kulia. Si linapakwa grisi?

Wabelgiji wanane wakasimama upande wa pili wa geti, nidhamu tupu, mguu mmoja chini. Mmoja akamwita Ghislaine kwa adabu zote.

"Baba, anauliza treni inapita saa ngapi."

"Mwambie imechelewa kidogo."

"Baba! Imechelewa miaka thelathini!"

"Sasa si ndiyo nimesema imechelewa?"

Wengine walisubiri, wakapiga picha. Wengine waligeuza wakaenda kupita barabara kuu, huko kwenye malori, na wakifika makwao wakawa wanaandikia chama cha waendesha baiskeli. Ujumbe mmoja Ghislaine aliusoma mpaka akauweka kichwani: Njia nzuri, mandhari nzuri, wazee wabaya.

Ndipo chama kikampigia simu. Jumamosi watamtuma mtu wa kuipita njia nzima. Ikiwa wazi toka mwanzo mpaka mwisho, itaingia kwenye ramani yao mpya. Ikiwa imezibwa popote, ramani itakatia darajani na kupita bonde la pili, na Sauzières itabaki na mbuzi wake.

Ghislaine alikata simu akakaa kwenye gunia la viazi. Bila ramani, wageni hakuna. Bila wageni, stesheni anairudisha, na yeye anakwenda kuishi Saint-Étienne kwa dada yake Yvonne, ghorofa ya nne, ambako viatu vinavuliwa mlangoni na hata kikohozi kinaombewa ruhusa.

Alhamisi, wazee wote wanne wakiwa mezani kwake na supu ya dengu, akasema nao.

"Nawaomba. Jumamosi moja tu. Nyuma kuna uwanja wa mizigo, una kivuli, changarawe iliyobaki nimewamwagia huko."

"Una mteremko," alisema Fernand.

"Una kunguru," alisema Clovis.

"Jumamosi moja unaomba leo," alisema baba yake, "kesho utaomba Jumapili. Mwisho tutacheza kwenye bakuli hili la supu."

"Baba, mimi ntaondoka hapa. Unaelewa? Nitakwenda kwa Yvonne."

Kijiko cha mzee kilisimama kidogo hewani, halafu kikaendelea. "Msalimie."

Baptistin, ambaye alikuwa na huruma, akanong'ona, "Anselme, ni binti yako huyu."

"Najua ni nani!" Mzee akaweka kijiko. Akanyoosha kidole ukutani. "Sikilizeni wote. Siku nitakayofungwa kumi na tatu bila, siku hiyo nitalipandisha geti kwa mkono wangu huu, na sitalishusha tena. Neno la uwanjani."

Wakacheka mpaka Clovis akapaliwa na dengu. Anselme kufungwa bila hata alama! Maana kidole kile kilionyesha ramani kubwa ya njia ya baiskeli, na kila mtu pale alijua nyuma ya ramani kuna nini. Kuna Fani. Fani ni picha ya bibi mmoja mnene aliyewapa watu mgongo na kupandisha sketi juu, na kila uwanja wa matufe una Fani wake. Anayefungwa kumi na tatu bila anapiga magoti mbele ya watu na kuyabusu makalio yake. Picha hiyo ilikuwa pale stesheni toka enzi za babu, na Ghislaine, kwa aibu ya wageni, alikuwa ameifunika kwa ramani. Fernand alishambusu Fani mara mbili. Clovis hata kuhesabu aliacha. Anselme, hajawahi.

Ijumaa jioni Ghislaine aliyaiba matufe ya baba yake. Alitafuta pa kuyaficha, kabatini akaona mzee atafungua, chini ya kitanda akaona atachungulia. Mwisho akayafunga kwenye kitambaa akayasukuma ndani kabisa ya oveni kubwa ya stesheni, mahali ambapo baba yake hajawahi kugusa tangu azaliwe.

Akalala vizuri. Asubuhi akaamka na mawazo ya mgeni, akakanda unga, akakata peasi, akawasha oveni iwe ya moto sana, akaenda kutandika vitanda.

"Ghislaine!" Sauti ya baba yake ilipanda ngazi. "Mbona jikoni kunanuka kama gereji?"

Alishuka ngazi zote kwa hatua ambazo hakujua bado anazo. Mlango wa oveni ulikuwa wazi, kitambaa kimekuwa mkaa, na ndani, yamejipanga kama mikate, matufe matatu yamekaa yanawaangalia.

"Umeniokea matufe."

"Yalikuwa na unyevu, Baba. Nilitaka yakauke."

"Yakauke."

"Ndiyo."

"Chuma."

 Ghislaine alimwomba angalau ayatie kwenye ndoo ya maji. Mzee akamwangalia kama mtu aliyeambiwa amtie paka kwenye ndoo ya maji. Akachukua glovu ya jikoni, ile yenye picha ya kuku na vifaranga, akaivaa mkono wa kulia, akayaweka matufe yake kwenye sufuria, akatoka.

Siku hiyo walianza mapema kwa makusudi, waonyeshe kwamba hawaogopi mtu. Na hapo tena Clovis hayupo: mgongo ulimkamata akivaa soksi. Wamesimama watatu, wanatazamana, geti limeshashuka, mara kengele ya baiskeli ikalia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mapaja ya nguvu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwenye fulana yake kulikuwa na alama ya chama. Ghislaine aliiona toka dirishani na moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Alimtegemea mchana!

"Habari zenu," alisema mgeni. "Naitwa Maud. Naweza kupita?"

"Geti siwezi kulipandisha mpaka mechi iishe," alisema Mzee Anselme, "na mechi haiwezi kuisha kwa sababu haijaanza. Huyu Fernand hana mwenza. Wewe mama wa baiskeli, unajua kurusha?"

"Kidogo tu."

Mtu akisema kidogo tu, mpekue mifuko. Lakini wazee walikuwa na haraka. Maud akavua kofia ngumu, akakubali kuazima matufe ya Clovis, akalipima moja mkononi, akalirusha juu kidogo na kulidaka kiganja kikiwa kimetazama chini. Baptistin akaliona hilo, akamwuliza:

"Ulijifunzia wapi, mama?"

"Kwa bibi yangu, kule Toulon. Alikuwa haniruhusu kula kabla sijamfunga."

Fernand akafurahi kama kapewa ng'ombe. Halafu macho yake yakaangukia sufuria.

"Hee! Nini hicho? Anselme, hayo matufe yanatoa joto!"

"Leo yana homa kidogo."

"Matufe ya kuoka ni marufuku! Tufe likipita motoni limekufa, sheria ndivyo inavyosema!"

"Sheria inasema mtu akiyachoma makusudi ili yalainike. Haya yamechomwa na binti yangu kwa ujinga wake mwenyewe. Rusha, acha maneno!"

Ghislaine, nyuma ya pazia, alijikunja.

Sasa jamani, kurusha tufe la chuma ukiwa umevaa kuku na vifaranga si kazi ya binadamu. Tufe la kwanza la Mzee Anselme lilimchomoka likaingia kwenye maua. La pili lilikwenda mpaka kwenye baiskeli ya Maud. La tatu akavua glovu, akalishika kwa mkono mtupu, akapiga kelele ambayo kasisi aliisikia, na tufe likaanguka mbele ya kiatu chake. Baptistin naye, kila akiweka lake karibu na goroli, Maud alikuwa analipiga hewani, ko!, linatoka, lake linabaki pale pale limekaa.

Nne bila. Saba bila.

"Anselme, leo mimi nakunywa kwa hela yako," Fernand aliimba.

"Hujanywa bado."

Tisa bila. Fernand akaacha kuimba. Watu wakaanza kutoka majumbani, wakasimama kando ya geti na vikapu vyao vya mkate. Kumi na moja bila. Matufe sasa yalikuwa yamepoa, lakini kiganja cha mzee kilikuwa chekundu kama nyanya na kila mrusho alikuwa anauma meno. Hakuomba kupumzika hata mara moja.

Kumi na mbili bila.

Ghislaine alikuwa ametoka nje bila kujua ametoka saa ngapi. Alama moja tu. Alama moja, na geti linapanda na halishuki tena, na ramani inapita hapa, na Yvonne anabaki na ghorofa yake. Alipaswa kuruka kwa furaha. Lakini alikuwa anakiangalia kile kiganja.

Mrusho wa mwisho ulikuwa wa baba yake. Akachuchumaa kwenye duara la kurushia, akafumba jicho moja, akarusha. Tufe likapanda, likatua, likatambaa juu ya changarawe, pole pole, likapita hili, likalikwepa lile, likasimama shavu kwa shavu na goroli. Upande mwingine wa goroli kulikuwa na tufe la Maud.

"La Maud!" alipaza sauti Fernand.

"La Anselme!" alipaza sauti Baptistin. "Kwani umevaa miwani ya nani?"

"Pimeni! Nani ana macho?"

Wote wakaangaliana miwani, halafu wakamgeukia Ghislaine. Mtu akampa futikamba. Akapiga magoti kwenye ile changarawe aliyoilaani mwaka mzima, akaweka uso chini kabisa. Huku akapima. Kule akapima. Tufe la baba yake lilikuwa karibu zaidi, kwa unene wa ukucha. Pale chini hapakuwa na mwingine wa kuona. Angeweza kusema lolote.

Akaona ngazi za ghorofa ya nne. Akaona viatu vimepangwa mlangoni.

"La Baba," alisema.

"Siyo!" alipiga kelele Fernand. "Mtoto anampendelea babaye! Pima tena! Sijakubali, nasema pima tena!"

Ghislaine akainama kupima tena. Na hapo, mbele ya pua yake, kitu kikashuka kwenye kamba. Kti!

Wazee wa Sauzières hawainami kuokota. Kila mmoja ana sumaku yake, imefungwa kamba, anaishusha, inalinasa tufe, analivuta. Sumaku iliyoshuka ilikuwa ya baba yake, na tufe lililopanda, likazungukazunguka mbele ya macho ya watu wote kama samaki aliyenaswa, lilikuwa la baba yake.

Baptistin akasogea karibu.

"Anselme," alisema Baptistin kwa sauti ndogo. "Umeokota."

"Nimeokota nini?"

"Tufe lako. Hatujakubaliana. Ukiokota kabla ya kukubaliana, tufe limekufa."

Mzee akalitazama linavyoning'inia. "Ala! Sumaku imejishika yenyewe."

Fernand, ambaye angepaswa kucheza ngoma, akavua kofia. "Toka tuko wadogo hujawahi kufanya kosa hilo."

"Nimezeeka. La Maud limebaki peke yake, sivyo? Kumi na tatu bila. Fani yuko wapi?"

Ghislaine alitaka changarawe ifunguke aingie. Wakaingia wote chumba cha kulia, Maud akiwa mbele, na Fernand akaitoa ramani ya njia ya baiskeli kwenye msumari, na Fani akaonekana na baraka zake zote.

"Samahani sana, mama," Ghislaine alimwambia Maud, masikio yanawaka. "Ni vitu vya zamani."

"Kwa bibi yangu alikuwa juu ya friji," alisema Maud. "Wa kwetu alikuwa mwembamba lakini."

Magoti ya mzee yalikataa kukunjika, kwa hiyo ikabidi Baptistin na Fernand wamshushe Fani ukutani na kumleta. Mzee Anselme akavua kofia yake ya kazi, akafuta masharubu, akabusu. Kijiji kizima kikapiga makofi kama harusini. Halafu akatoka nje, akashika mkono wa geti kwa ule mkono mzima, akazungusha mpaka boriti ikasimama wima, akapuliza filimbi, ndefu.

Maud alikula vipande viwili vya pai ya peasi. Alisema ina ladha fulani hawezi kuitaja, kama ya kufuli. Ghislaine akamwambia ni peasi za huku. Akiwa juu ya baiskeli, Maud akatazama njia upande huu, akatazama upande ule.

"Nilitumwa kuangalia kama iko wazi," alisema. "Iko wazi."

Akaondoka. Changarawe ikasaga chini ya matairi yake mpaka sauti ikaishia msituni.

Siku hizi wazee wanachezea uwanja wa mizigo. Mteremko upo, kunguru wapo, na waendesha baiskeli wanaegesha baiskeli ukutani wakawaangalie, halafu wanasikia njaa. Mzee Anselme yeye haanzi kucheza kabla hajakaa kwanza kwenye kiti chini ya geti lililosimama, na kila kundi likipita anapuliza filimbi na kulalamika kwamba baiskeli hizi nazo zinachelewa kama treni za zamani.

Jioni moja Ghislaine alimfuata pale na bakuli mkononi. Kiganja cha mzee kilikuwa kimepona, kimebaki na ngozi mpya inayong'aa.

"Baba. Ile sumaku..."

"Sumaku haina akili, mwanangu. Ikiona chuma inashika." Akatazama njia. "Nieleze wewe sasa. Matufe yangu yalitembea yenyewe mpaka kwenye oveni?"

Ghislaine akakung'uta aproni yake, ambayo haikuwa na kitu.

"Njoo ule, Baba. Supu inapoa."